Kipimo kinasoma Mbps 19, lakini kila jioni video inazunguka. Nani ananidanganya?

#1 KasaraniGhorofaYaNne
Wadau, habari za jioni. Inawezekanaje kipimo cha kasi kisome Mbps 19 na ushei, halafu video kwenye TV izunguke kila baada ya dakika mbili tatu?

Niko Kasarani upande wa Mwiki, chumba kimoja cha kulala na sebule, ghorofa ya nne. Faiba, kifurushi cha Mbps 20. Kampuni siitaji. Mchana mambo shwari. Ikifika saa moja jioni mpaka saa nne hivi, YouTube inashuka hadi 360p, picha yenye ukungu, filamu zinakwama, mpira ndio usiseme. Nikipima kwa simu, 19. Nikiwapigia, "tunaona laini yako iko sawa, zima ruta uwashe tena." Nimeizima na kuiwasha mpaka kitufe kimelegea.

Msimamo wangu: wanatubania video jioni na kuacha kipimo kipite. Anayepinga alete hoja.

#2 Bazenga_Pipeline
Umenena. Wote ndio zao. Uzi ufungwe.

#3 FundiWaya
Usifungwe. Mwenye uzi, TV iko kwa waya au kwa waifai? Ruta iko wapi, TV iko wapi, na simu unapimia ukiwa umekaa wapi?

#4 KasaraniGhorofaYaNne
TV ni waifai. Ruta iko juu ya mlango wa kuingilia, fundi aliipachika hapo kwa sababu ndipo waya wake ulipoishia na alikuwa na haraka. TV iko sebuleni, kuta mbili mbele. Simu napimia pale mlangoni, ndipo penye soketi ya kuchajia.

#5 FundiWaya
Basi ulichopima ni simu ikiwa chini ya ruta. TV bado haijapimwa na mtu yeyote. Cheza video ya YouTube kwenye hiyo TV saa mbili usiku, ingia mipangilio ya video, kuna ukurasa wa takwimu. Utaona kasi ya muunganisho na sekunde ngapi za video zimeshavutwa mbele. Zile sekunde zikifika sifuri ndipo kiduara kinapoanza. Leta namba hizo.

#6 MamaPacha_Donholm
Na hicho kipimo chenyewe kina mambo yake. Programu nyingi za kupima huchagua seva iliyo karibu nawe, na mara nyingi hiyo seva imekaa ndani ya mtandao wa kampuni yako mwenyewe. Ni kupima mbio za matatu kabla haijatoka steji. Jaribu fast.com. Hiyo ni ya Netflix, ilitoka 2016, na inavuta data kutoka seva zao zinazotoa filamu. Ikisoma 19 huko pia, rudi utuambie.

#7 Bazenga_Pipeline
Asante Mama Pacha. Si ndio huo ubanaji ninaosema?

#8 Nyaya254
Bazenga, pole pole. Vipimo viwili vikitofautiana havijathibitisha kwamba mtu anabana makusudi. Huenda njia ya kutoka kwa kampuni kwenda nje imejaa, basi.

Kisha tazama hesabu. Netflix wanapendekeza Mbps 5 kwa 1080p na 15 kwa 4K. Huyu ana 19. Hata nusu ikipotea njiani, 1080p ingetiririka bila shida. Kushuka hadi 360p maana yake TV inapata chini ya robo ya anacholipia. Kabla ya kushtaki mtu ningeanza kutafuta ndani ya nyumba.

#9 Mzee_KahawaWest
Vijana mnaisahau bahari. Mei 2024 waya wa baharini wa SEACOM ulikatika na Kenya nzima ikalala. Jioni kila mtu anatumia, waya unajaa, video inakwama. Ruta haina kosa.

#10 Nyaya254
Mzee, heshima zako. Siku ile, tarehe 12 Mei, zilikatika mbili, SEACOM na EASSy, huko chini upande wa Afrika Kusini. Uganda na Tanzania nao waliumia. Lakini YouTube na Netflix hazivuki bahari kila ukibonyeza. Wana mashine za kache humu humu Nairobi zenye nakala za video zinazotazamwa sana, na kampuni za intaneti zinabadilishana data pale kwenye kituo cha KIXP bila kuzunguka Ulaya. Ripoti ya Internet Society ya 2020 ilisema data inayopatikana hapa hapa nchini ilipanda kutoka asilimia 30 hivi mwaka 2012 hadi asilimia 70 hivi. Bahari ikikatika tutajua wote kwa pamoja, haitachagua ghorofa ya nne Mwiki saa moja jioni.

#11 Mgeni_Dar
Wakuu, siku ile huku Dar tulirudi kwenye redio. Poleni, kache iko mlangoni na bado mnazungushiwa kiduara.

#12 BintiPwani
Na hizo nyaya zote zapandia kwetu Mombasa! Zatupita chini ya miguu hadi Nairobi, sisi twaambiwa mtaa wenu bado haujafikiwa. Haya jamani.

#13 FundiWaya
Binti, njoo Nairobi uzungushiwe na wenzako. Turudi kwenye mada. Mwenye uzi, jengo lina milango mingapi?

#14 KasaraniGhorofaYaNne
Minane kila ghorofa, ghorofa sita. Siku hizi kila mlango una ruta, hata keateka, mtunza jengo.

#15 FundiWaya
Sasa tumefika. Masafa ya GHz 2.4 yana chaneli tatu tu zisizogongana: 1, 6 na 11. Milango arobaini na minane inagawana hizo tatu, na bado hujahesabu jengo la pili mnaloangaliana dirisha kwa dirisha. Mchana ruta zote zimewaka lakini wenyewe wako kazini. Saa moja wote wamerudi na kila nyumba imefungua video. TV nyingi za bei yetu zina redio ya 2.4 peke yake. Simu yako inashika GHz 5, kwa hiyo inasoma 19 bila jasho. Kampuni haina habari, ikiangalia laini inaona iko sawa na ni kweli iko sawa.

Pakua programu ya bure ya kuonyesha waifai za jirani uhesabu mwenyewe.

#16 Kijana_Umoja1
Dawa ni chaneli 3. Wote wamejazana 1, 6 na 11, wewe pita katikati. Mimi niko 3 tangu nihamie Umoja na sijawahi kuzungushwa.

#17 Nyaya254
Hapana kaka. Kila chaneli ya 2.4 inachukua upana wa MHz 20, na kutoka chaneli moja hadi inayofuata ni MHz 5 tu. Ukikaa 3 unakanyagwa na wa 1 na wa 6 kwa wakati mmoja. Tena, mkiwa chaneli moja na jirani ruta zenu zinasikiana na kupeana zamu. Ukijiweka katikati hazikuelewi, zinasikia kelele tu, na data inaharibika mpaka itumwe upya. Umemwambia mwenzako ahamie pabaya zaidi.

#18 Kijana_Umoja1
Na mbona yangu haizunguki?

#19 MamaPacha_Donholm
Labda majirani zako wanatumia bando za simu.

#20 Kijana_Umoja1
Majirani zangu wanatumia yangu.

#21 Bazenga_Pipeline
Hapo mtaa mzima uko chaneli 3, kaka. Umeshinda kwa kura.

#22 Mzee_KahawaWest
Na kuta je? Majengo mengi ya huku yamejengwa kwa mawe ya Ndarugo, inchi sita, na juu kuna slabu yenye nondo. Kuta mbili za namna hiyo, GHz 5 inafika imechoka kabisa. Kijana akinunua TV mpya ya GHz 5 kwa ushauri wenu atakuja hapa kulia. Ruta ishushwe kutoka juu ya mlango iletwe sebuleni. Pale juu iko ubavuni mwa sanduku la mita ya stima, ambalo ni chuma.

#23 KasaraniGhorofaYaNne
Nimepima jana saa mbili usiku, asanteni nyote. Kwenye TV takwimu zinasema kasi Mbps 2.3 na sekunde za akiba zinapanda hadi nane, zinashuka, sifuri, kiduara. Nimelaza simu juu ya stendi ya TV: kwa GHz 5 inasoma 14, kwa 2.4 inasoma 3 au 4. Waifai za jirani ni ishirini na kitu. Ruta yangu iko chaneli 6 pamoja na nusu ya jengo, akiwemo mmoja aliyeipa yake jina LipaKodiKwanza. Nadhani ni keateka.

Fast.com nayo imesoma 18.

#24 FundiWaya
Kesi imefungwa. Vuta waya kutoka ruta hadi TV. Kebo ya Cat6, mita kumi zinakutosha, pitisha juu ya fremu za milango na ubane kwa klipu za misumari. Stendi ya TV haitazunguka tena.

#25 Bazenga_Pipeline
Kesi iko wazi bado. Hiyo fast.com umepima saa ngapi?

#26 KasaraniGhorofaYaNne
Saa tano.

#27 Bazenga_Pipeline
Saa tano! Ugonjwa ni saa moja hadi saa nne, daktari amepima joto mgonjwa akiwa amelala. Pima saa mbili, tena kwa waya.

#28 Faiba_Zimmerman
Niliwahi kufanya kazi ya kuvuta faiba mitaani, niongeze langu. Hizi faiba za nyumbani ni GPON. Mdomo mmoja wa mashine ya kampuni unaingia kwenye splita na kulisha nyumba 32, wengine 64. Mko sitini na nne kwenye uzi mmoja wa kioo. Jioni wote mkifungua, kila mmoja anabaki na makombo. Waifai ni ya kusingiziwa tu.

#29 Nyaya254
Makombo kiasi gani? GPON inashusha Mbps 2,488 kwa mdomo mmoja. Gawa kwa 64 unapata karibu 39. Hata wote sitini na nne wakifungua kwa sekunde ileile, mtu wa kifurushi cha 20 anapata 20 yake na chenji. Splita siilaumu.

#30 Faiba_Zimmerman
Hesabu yako ni nzuri kama wote wamenunua 20. Changanya na waliouziwa 100 na zaidi, itakuwaje? Na mashine yenyewe inatoka kwenda mjini kwa laini moja inayobeba midomo yote kumi na sita. Hiyo laini ndiyo huwa inasahaulika kuongezwa mitaa ikijaa. Mteja ataambiwa laini yako iko sawa, kwa sababu wanatazama mwanga wa faiba tu, hawatazami foleni.

Halafu mwenye uzi kasema kitu na wote mmeruka. Ruta iko juu ya mlango. Faiba inaingilia wapi? Nimekuta nyumba nyingi fundi ameipitisha upande wa bawaba. Mlango ukifunguka inalegea, ukifungwa inabanwa. Ule waya mweupe unauona mzima, lakini ndani kioo kimepinda na mwanga unavuja. Ukichungulia kwa makini utaona ganda lina alama nyembamba iliyobonyea pale chuma cha bawaba kinapogusa, na ukipitisha ukucha unaisikia. Na mlango unafungwa na kufunguliwa sana saa ngapi? Jioni.

#31 MamaPacha_Donholm
Hii ya mlango imenifurahisha. Nimeamka kuangalia wangu.

#32 KasaraniGhorofaYaNne
Inapita karibu na bawaba, ni kweli! Lakini taa nyekundu ya LOS haijawahi kuwaka. Kwenye ukurasa wa ruta, nguvu ya mwanga inasoma dBm -24 mlango ukiwa wazi.

#33 Faiba_Zimmerman
-24 inakubalika, mwanga ukipungua namba inashuka, na mwisho wa ruta nyingi ni -27 au -28. Sasa soma mlango ukiwa umefungwa kwa komeo. Ikienda -27, umempata mwizi. Taa ya LOS inawaka mwanga ukipotea kabisa, ukipungua tu haisemi kitu.

#34 FundiWaya
Faiba_Zimmerman, hiyo ni nadharia tamu lakini faiba ikibanwa simu nayo ingeumia. Simu juu ya stendi imesoma 14 saa mbili hiyohiyo.

#35 Faiba_Zimmerman
Mlango ulikuwa wazi au umefungwa akipima?

#36 Bazenga_Pipeline
Sasa tumeanza kesi ya mlango. Nairobi ina mambo.

#37 MamaPacha_Donholm
Ngojeni niwaletee mshukiwa mwingine, kwa sababu kwangu haikuwa waifai wala splita. TV yetu iko kwa waya tangu mwanzo. Pacha wakirudi shule wanakuta simu zao kwenye chaja, zinashika waifai na kuanza kupandisha picha na video za siku nzima kwenye wingu. Njia ya kupandisha ikijaa, kila kitu kingine kinasimama nyuma yake kwenye ruta. TV ikipokea video lazima irudishe majibu madogomadogo ya "nimepata, leta zaidi". Majibu yakikwama kwenye foleni, anayetuma anapunguza mwendo. Nikipima pingi, ule muda wa ujumbe kwenda na kurudi, nyumba ikiwa kimya ni milisekunde (ms) 12. Simu zikianza kupandisha inaruka hadi ms 800. Pingi ya kwanza kwenye kipimo haikuonyeshi hilo, maana hupimwa mwanzoni, laini ikiwa tupu.

Nikaingia kwenye ruta, nikawekea kupandisha kikomo chini kidogo ya kifurushi, nikawasha foleni ya haki, ile inayoitwa fq_codel kwenye ruta zenye OpenWrt, programu mbadala ya ruta. Nikaagiza picha zipande saa nane usiku. Tangu hapo TV haijazunguka.

#38 Nyaya254
Mama Pacha umeeleza vizuri kuliko mafundi. Naongeza kamera za usalama zinazotuma picha nje saa zote. Mwenye uzi, una kamera?

#39 KasaraniGhorofaYaNne
Sina kamera. Nina mke mwenye simu na mimi nina simu. Picha zinapanda, ndiyo.

#40 Kijana_Umoja1
Mmeandika sana. Badilisha DNS iwe 1.1.1.1. Video zitaruka.

#41 Bazenga_Pipeline
1.1.1.1 ilizinduliwa tarehe 1 Aprili 2018. Siku ya wajinga. Nasema tu.

#42 Nyaya254
Tarehe ni kweli, huduma ni ya kweli pia. Ila DNS kazi yake ni kutafuta anwani ya seva. Ikishaipata, video inatoka kwa seva na DNS haimo tena. Kurasa zitafunguka haraka kidogo, video iliyoanza kucheza haitaongezewa hata biti moja.

#43 Faiba_Zimmerman
Sikubaliani kabisa. Kuna huduma zinazochagua kache kwa kuangalia swali la DNS limetoka wapi. Ukitumia DNS ya mbali unaweza kutumwa kwenye kache ya mbali. Kwa hiyo inaweza kuleta madhara, na ukirudisha ya kampuni inaweza kuponya.

#44 Nyaya254
Netflix wanachagua kwa anwani yako mwenyewe, si kwa DNS. Wengine ndiyo, inawezekana. Tukubaliane kwamba Kijana wa Umoja asiguse kitu.

#45 SouthB_Stima
Mbona hakuna aliyeuliza adapta? Ruta imeandikwa nyuma V 12, A 1.5. Stima ikaruka, adapta ikaungua, mtu akashuka Luthuli, mtaa wa maduka ya vifaa vya umeme mjini, akanunua yoyote yenye mdomo unaoingia, V 12 lakini A 0.5. Ruta inawaka, taa zote kijani. Kazi ikiwa nyepesi inavumilia. Jioni redio zote mbili zikifanya kazi inakosa nguvu, waifai inadondoka sekunde chache na kurudi. Kwenye TV utaona kiduara tu. Wale wa UPS ndogo za ruta, zile betri za akiba, pia mziangalie, betri ikizeeka inafanya hivyo hivyo. Na stima ya jioni mitaani mnaijua, taa zenyewe zinafifia.

#46 KasaraniGhorofaYaNne
Adapta ni ile ya awali. Lakini hili la taa kufifia saa mbili lipo.

#47 FundiWaya
Adapta ya kisasa inakubali V 100 hadi 240. Taa zikififia haijali.

#48 SouthB_Stima
Zilizoandikwa hivyo. Za Luthuli zimeandikwa chochote.

#49 BintiPwani
Niulize la mpira mkingali hapa. Ile CHAN ya Agosti 2025, mashindano ya soka ya Afrika, nikitazama kwa simu, jirani mwenye antena alikuwa akipiga ukelele wa goli nami naona mpira bado uko kati. Siku ya Moroko nilifurahi kabla ya goli. Siku ya Madagaska, zile penalti, nilijua tumetoka kabla mpigaji hajaweka mpira chini. Hiyo nayo ni chaneli 6?

#50 Nyaya254
Hiyo haiponi, dada. Matangazo ya moja kwa moja kwa intaneti yanakatwa vipande vya sekunde chache, na simu inaweka vipande kadhaa mfukoni kabla ya kuanza kuonyesha. Unakuwa nyuma nusu dakika au zaidi hata kasi ikiwa Mbps 1,000. Na ndiyo sababu mpira huzunguka kabla ya filamu. Filamu inaweza kuvuta dakika nzima za mbele na kukaa nazo. Mpira hauna mbele, bado haujachezwa.

#51 Mzee_KahawaWest
Hizo penalti msinikumbushe.

#52 Bazenga_Pipeline
Mzee, tulikuwa wote. Dawa ni kumnunulia jirani soda anyamaze.

#53 KasaraniGhorofaYaNne
Ripoti. Nimenunua kebo ya mita kumi na tano iliyokatwa dukani na kubanwa vichwa hapo hapo. TV iko kwa waya. Ruta nimehamisha 2.4 hadi chaneli 11. Mlango nimeupima: wazi -24.1, komeo -24.6, sasa sijui hiyo ni kesi au si kesi. Jioni za kwanza filamu zilitiririka 1080p, mke akanisifu. Jumamosi, mpira, saa mbili na nusu, kiduara kimerudi. Fast.com kwa kompyuta iliyo kwenye waya huohuo: Mbps 6.

#54 Bazenga_Pipeline
Saa mbili na nusu. Kwa waya. Mbps 6. Mimi nakaa kimya.

#55 FundiWaya
Kaa kimya kweli. Kebo imebanwa dukani. Vuta kichwa uangalie kwa tochi ya simu. Nyuzi nane zote zinafika mwisho wa plastiki zikagusa meno ya shaba? Mpangilio ni mweupe-chungwa, chungwa, mweupe-kijani, bluu, mweupe-bluu, kijani, mweupe-kahawia, kahawia. Mara nyingi ile kahawia ya mwisho inabaki fupi, milimita moja tu.

#56 Nyaya254
Kahawia ikikosa, muunganisho unashuka kutoka Mbps 1,000 hadi 100, maana 100 inahitaji jozi ya chungwa na ya kijani peke yake. Mia moja ni mara tano ya kifurushi chake. Na matundu ya waya ya TV nyingi ni ya 100 tangu kiwandani. Kwa kahawia hupati 6. Kijani ikiwa inagusa na kuachia, hapo sawa, data inapotea.

#57 MamaPacha_Donholm
Jumamosi saa mbili na nusu simu ya nyumbani ilikuwa inafanya nini?

#58 KasaraniGhorofaYaNne
Simu ya mke ilikuwa inasasisha programu. Na tulikuwa tumetoka arusi, picha ni nyingi.

#59 MamaPacha_Donholm
Mm-hm.

#60 Faiba_Zimmerman
Kusasisha kunaweza kula 12 nzima, sawa. Lakini Jumamosi saa mbili na nusu ya mpira pia ndiyo saa laini ya mtaa inapojaa. Huwezi kutenganisha hivyo viwili kwa kipimo kimoja. Jumamosi ijayo zima waifai kabisa, acha kompyuta kwenye waya, pima kila nusu saa kuanzia saa kumi na mbili uandike. Ikishuka nyumba ikiwa kimya, peleka hiyo karatasi kwa kampuni. Wakikupuuza, ipeleke Mamlaka ya Mawasiliano pale Waiyaki Way, wanapokea malalamiko ya wateja lakini watauliza kwanza ulishalalamika kwa kampuni lini na ukajibiwa nini. Weka namba za malalamiko.

#61 Nyaya254
Swali dogo. Huo mpira ulikuwa unatazamia wapi?

#62 KasaraniGhorofaYaNne
Kuna linki huwa tunatumiana WhatsApp.

#63 FundiWaya
Aaaa!

#64 Nyaya254
Linki ya bure haina kache Nairobi. Seva yake iko mbali na mnaigombania maelfu. Hapo hata ukilala juu ya KIXP utazungushiwa.

#65 Bazenga_Pipeline
Na fast.com kusoma 6 nayo ilitoka kwenye linki ya WhatsApp? Jibuni hilo.

#66 Mzee_KahawaWest
Ruta umeshaishusha kutoka mlangoni au bado?

#67 KasaraniGhorofaYaNne
Bado Mzee, faiba haifiki. Fundi wa kampuni anataka alipwe kuisogeza. Jumamosi nitapima hivyo alivyosema Faiba_Zimmerman, na simu ya mama watoto nitaipa likizo.

#68 Kuku_Kitengela
Salamu wadau, nimesoma uzi wote. Mimi niko Kitengela, ruta ya laini ya simu, si faiba. Yangu ni kinyume: jioni safi, asubuhi kuanzia kumi na mbili mpaka saa tatu video haifunguki kabisa. Kisha ikifika tarehe ishirini hivi kila mwezi inakuwa mbaya mchana kutwa.

#69 Faiba_Zimmerman
La tarehe ishirini soma masharti ya kifurushi. Vingi vya laini ya simu vina kikomo cha matumizi ya haki, ukikipita kasi inashushwa hadi mwezi uishe. La asubuhi sijui. Una vifaa gani nyumbani?

#70 Kuku_Kitengela
TV, simu tatu, na kamera mbili kwenye banda la kuku. Zinarekodi zikiona kitu kinatembea.

#71 MamaPacha_Donholm
Kuku unawafungulia saa ngapi?

#72 Kuku_Kitengela
Kumi na mbili.